Meli ya kuvunja barafu na suali la muuza samaki

Jioni moja barazani kijana wetu anayeuza samaki alinijia na suali ambalo limenikaa kichwani tangu siku hiyo. "Ami," aliniambia, "wewe umezunguka dunia na meli. Wanasema barafu ya huko juu inayeyuka, ndiyo maana bahari inatupanda huku. Mimi nina barafu kwenye boksi la samaki kila siku ya Mungu. Ikielea ndani ya maji, boksi limejaa pomoni, ikayeyuka yote, hakuna tone linalomwagika. Sasa wanatudanganya, ama mimi ndiye nisiyeelewa?"

Wazee walicheka, mmoja akasema hizo ni hadithi za wenye kutafuta pesa za miradi. Mimi sikucheka, kwa kuwa kijana alikuwa na haki yake. Alilosema kuhusu boksi ni kweli tupu. Ila jawabu lake haliishii kwenye boksi, na ili kulieleza inabidi nieleze kwanza watu walijuaje yanayotokea kule, na ni chombo gani kilichowafikisha.

Niseme mapema kwamba mimi si mwanasayansi na meli ya utafiti ya ncha sijaipanda. Nilikuwa baharia wa meli za shehena kwa miaka 22, na haya ya utafiti nimeyajua kwa kusoma. Lakini meli ya kuvunja barafu nimeiona kwa macho yangu, tena nimeifuata nyuma. Ilikuwa Februari 1987 katika Ghuba ya Bothnia, pembe ya juu ya Bahari ya Baltiki iliyo baina ya Finland na Sweden, tukienda kupakia mbao. Wakala aliyetuajiri, ambaye simtaji, alitugawia makoti ya mvua akasema yanatosha. Hayakutosha. Mwaka ule baridi ilikuwa kali hata kwa wenyewe wa huko. Asubuhi tuliamka tukakuta bahari imegeuka uwanja mweupe, injini inavuma, rafadha inazunguka, na chombo hakisogei hata hatua. Tulingoja mpaka Wafini walipotuletea meli yao ikatutangulia, nasi tukaingia katika mfereji ilioufungua kama watoto wanaomfuata mama sokoni. Mlio wa vipande vya barafu ubavuni ulikuwa kama mtu anayeburura mabati juu ya saruji, na uliendelea usiku kucha. Hakuna aliyelala.

Mpaka siku ile nilikuwa nikidhani meli kama hiyo ina omo kali kama shoka, inapasua barafu kama tunavyopasua kuni. Sivyo. Omo yake imelala, imeviringika kama mgongo wa kijiko. Injini huisukuma meli hadi omo ikapanda juu ya barafu, kisha uzito wa meli yenyewe ndio unaoivunja kwa chini. Ikikuta barafu nene zaidi ya kiasi chake, hurudi nyuma, ikachukua kasi, ikapanda tena. Ndiyo sababu meli za namna hii huwa nzito na zenye nguvu kupita umbo lake, na ndiyo sababu katika bahari ya kawaida, isiyo na barafu, huyumba vibaya sana. Tumbo lililoviringika halishiki maji.

Meli ninayotaka kuieleza leo ni ya Wajerumani, yaitwa Polarstern. Ilianza kazi mwaka 1982, na inaendeshwa na Taasisi ya Alfred Wegener ya mji wa Bremerhaven. Urefu wake ni mita 118, upana mita 25, ina gamba mara mbili ili likitoboka la nje la ndani libaki, na injini 4 zenye jumla ya nguvu za farasi karibu 20,000. Barafu ya mita moja na nusu huipita bila kusimama, kwa mwendo wa noti kama 5. Nene zaidi ya hapo huipiga na kurudi, kupiga na kurudi. Ndani mna maabara, winchi za kuteremsha vyombo hadi sakafu ya bahari, uwanja wa helikopta na nafasi ya watu kama 100, nusu mabaharia na nusu watafiti.

Jina lake maana yake ni Nyota ya Ncha, ile ambayo manahodha wa Kiarabu waliiita Jah na kuipima kwa vidole ili wajue wamefika wapi. Sisi wa Mombasa na Lamu hatuioni, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta nayo imejificha chini ya upeo wa macho. Jahazi zilizokuwa zikirudi Arabuni na kusi ziliiona ikichomoza pole pole baada ya kuipita Mogadishu, na kila siku ikapanda kidogo. Ukifika kwenye ncha yenyewe, nyota hiyo iko juu ya utosi wako.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo funguo la suali la kijana. Ncha mbili za dunia hazifanani. Ya kusini ni nchi kavu, bara zima, lenye mlima wa barafu juu yake na bahari kuizunguka. Ya kaskazini ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Ukisimama penye ncha ya kaskazini umesimama juu ya ngozi ya barafu yenye unene wa mita moja, mbili au tatu, na chini yako kuna maji ya kina cha zaidi ya mita 4,000. Na ngozi hiyo haitulii. Inatembea.

Kutembea kwake kulijulikana kwa ajali. Mwaka 1881 meli ya Wamarekani iitwayo Jeannette ilibanwa na barafu ikazama kaskazini ya Siberia. Miaka 3 baadaye vitu vyake viliokotwa kusini-magharibi ya Greenland, upande wa pili kabisa wa bahari ile. Mnorwe mmoja, Fridtjof Nansen, aliposikia habari hiyo alifanya hesabu ambayo baharia yeyote wa mwambao angeifanya: kama gogo limetoka kule likafika huku, basi pana mkondo, na kama pana mkondo, chombo nacho kinaweza kupanda. Akamwendea mjenzi wa vyombo Colin Archer, wakaunda meli ya mbao iitwayo Fram, fupi, pana, yenye tumbo la mviringo kama kifuu cha nazi. Kusudi ni kwamba barafu ikiibana, isipate pa kushika, iishie kuisukuma juu. Wajenzi wetu wa mitepe, waliokishona chombo kwa kamba ili kipinde na wimbi badala ya kushindana nalo, wangemwelewa mara moja.

Nansen aliondoka 1893 na watu 12, akaitia Fram ndani ya barafu makusudi, na barafu ikaichukua kwa miaka 3 hadi ilipoitoa Agosti 1896 karibu na Svalbard. Yeye na mwenziwe Johansen waliiacha njiani 1895 kujaribu kwenda kwa miguu hadi kwenye ncha. Hawakufika, ila walifika nyuzi 86 na dakika 14, mbali kuliko mtu yeyote kabla yao. Mimi hunivutia zaidi mambo madogo ya safari ile. Walidhani bahari ya huko ni ya kina kifupi, wakateremsha bildi, kamba ikaisha bila kugusa chini. Ikabidi wafumue waya wa chuma wa melini na kuusuka upya, nyuzi kwa nyuzi, mpaka wakapata urefu wa kutosha. Zaidi ya mita 3,000. Bahari iliyokuwa imechorwa kwenye ramani kama dimbwi ikageuka shimo.

Jambo jingine aliloliona Nansen ni kwamba barafu haikwenda sawasawa na upepo. Ilipotoka kuelekea kulia, kila mara. Alimpa kijana wa Kiswidi, Ekman, alitafutie sababu, na kwa hesabu zilizotoka 1905 Ekman akaonyesha kwamba kuzunguka kwa dunia ndiko kunakoupotosha mwendo wa maji ya juu: kaskazini ya ikweta kwenda kulia, kusini yake kwenda kushoto. Usidhani hayo ni ya wenye barafu tu. Ndiyo hesabu hiyo hiyo inayoeleza kwa nini kusi inapovuma kwa nguvu pwani ya Somalia, maji ya juu hukimbia kuelekea bahari kuu na ya chini, ya baridi na yenye chakula cha samaki, yakapanda kuchukua mahali pake. Na jina la Nansen lenyewe limefika kwetu: meli ya utafiti wa samaki ya Norway na Umoja wa Mataifa, Dr. Fridtjof Nansen, ilikuja kupima samaki wa mwambao huu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazee wa bandarini wanaikumbuka.

Turudi kwa Polarstern. Tarehe 20 Septemba 2019 iliondoka Tromsø, Norway, ikafuatana na meli ya Kirusi Akademik Fedorov, kwenda kurudia aliyofanya Nansen, lakini kwa vyombo vya leo. Mradi ulipewa jina MOSAiC, kiongozi wake akiwa Markus Rex. Nchi 20 zilishiriki, watu zaidi ya 400 walipokezana zamu kwa zamu, na gharama ilifika kama yuro milioni 140. Lengo lilikuwa kukaa ndani ya barafu mwaka mzima, hasa majira ya baridi, ambapo hapakuwa na vipimo vya maana kwa kuwa hakuna meli iliyoweza kufika huko. Watabiri wa tabia ya nchi walikuwa wakikisia tu yanayotokea kule gizani, na makisio ya mmoja hayakulingana na ya mwenziwe.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta pande la barafu la kushikilia. Halikupatikana kwa urahisi. Baada ya joto la kiangazi cha 2019 mapande mengi yalikuwa membamba kuliko walivyotarajia. Tarehe 4 Oktoba, kwenye nyuzi 85 kaskazini, walilichagua moja lenye upana wa kilomita chache na sehemu nene katikati, meli ikajifunga ubavuni mwake, na injini kubwa zikazimwa. Meli iliyoundwa kuvunja barafu ikasalimu amri kwa barafu. Akademik Fedorov nayo ilisambaza vyombo vinavyojiendesha vyenyewe kwa makumi ya kilomita kuzunguka pande hilo, kama wavuvi wanavyosambaza malema, kisha ikarudi.

Juu ya pande hilo wakajenga kijiji. Kibanda kimoja kilikuwa cha watu wa bahari, chenye tundu la kuteremshia vyombo majini. Kingine cha watu wa hewa, chenye mnara wa kupimia upepo na joto. Kingine cha roboti iliyokuwa ikiogelea chini ya barafu kupima mwanga unaopenya. Na pengine palikuwa pa puto kubwa lililofungwa kamba. Nyaya za umeme zilitoka melini kwenda kote huko. Na barafu haikuwaacha. Novemba tufani ilipopita, pande lilipasuka, nyaya zikavutika, baadhi ya vibanda vikasogea mbali na vingine. Kipimo ulichokisimamisha jana leo kiko upande wa pili wa ufa wenye maji meusi. Wakati mwingine ncha mbili za ufa zikirudi kukutana, barafu hujikunja na kupanda kama matofali yaliyomwagwa, ikafukia kilicho karibu.

Giza lilidumu karibu siku 150. Jua lilizama Oktoba na halikuonekana tena mpaka Machi, na baridi ilishuka chini ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Kila kikundi kilichotoka nje kilikuwa na mlinzi mwenye bunduki kwa ajili ya dubu weupe, ambao huja kimya, na ni hodari wa kunusa. Dubu walikuja kweli, na kazi ikasimama, watu wakarudi melini kungoja waondoke. Baharia anajua kungoja, lakini kungoja dubu ni kungoja kwa aina yake.

Watu huuliza hao walikuwa wakipima nini hasa mwaka mzima. Wakipima kila kitu kinachopita baina ya hewa, theluji, barafu na maji. Puto za hali ya hewa zilirushwa angalau mara 4 kwa siku, mchana na usiku, ingawa mchana haukuwepo. Unene wa barafu ulipimwa kwa kuburura chombo juu ya theluji wiki baada ya wiki kwenye njia ile ile. Na kwa kekee ndefu walitoboa barafu wakatoa nguzo zake, wakazikata vipande kama mkate na kuzipeleka maabara.

Hapa pana jambo zuri ambalo wenzetu wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni wataliona haraka. Kule Gongoni jua hunyonya maji na kuacha chumvi. Kwenye bahari ya ncha ni kinyume: maji ya bahari yanapoganda, kwenye nyuzi kama 1.8 chini ya sufuri, barafu hujichukulia maji matamu na kuitema chumvi. Chumvi inayotemwa hukusanyika katika vijia vyembamba ndani ya barafu, kisha hudondoka chini ikiwa maji makali mno, mazito, yakazama. Kuzama huko kwa maji mazito ya ncha, kaskazini na kusini, ni sehemu ya mashine inayozungusha maji ya bahari zote za dunia. Na ndani ya vijia vile vya chumvi, mahali ambapo ungedhani hapana uhai, mna vijani vidogo vidogo ambavyo hugeuza upande wa chini wa barafu kuwa rangi ya kahawia. Hivyo ndivyo malisho ya bahari ile. Vidudu hula vijani, samaki hula vidudu, sili hula samaki, na dubu humla sili.

Samaki wenyewe. Yuko mmoja mdogo wa jamii ya chewa wa baridi anayeishi chini kabisa ya barafu, na damu yake ina kitu kinachozuia isigande. Bila hicho angekuwa jiwe. Huyo alijulikana zamani. Lakini watu wa MOSAiC, kwa mitambo ya sauti na kamera, na kwa kutega ndoana ndefu kupitia tundu la barafu, walikuta pia samaki wachache wakubwa wa jamii ya wale wanaovuliwa Norway, pamoja na ngisi, katika tabaka la maji lililo mamia ya mita chini ya barafu. Tabaka hilo linatoka Atlantiki na lina uvuguvugu kuliko maji ya juu yake. Walikuwapo, lakini wachache mno. Hapana utajiri wa samaki kule.

Ninalisema hili kwa makusudi. Mwaka 2018, zikiwamo Marekani, Urusi, China, Japan na Umoja wa Ulaya, pande 10 zilitia saini huko Ilulissat, Greenland, mkataba wa kutovua samaki wa biashara katikati ya Bahari ya Aktiki kwa miaka 16 ya mwanzo, mpaka utafiti ufanyike na ijulikane kuna nini. Ulianza kutumika Juni 2021. Yaani walikubaliana kuhesabu kabla ya kuvua, hata kabla barafu haijaondoka vya kutosha kuingiza meli za uvuvi. Sisi katika Ghuba ya Ungwana tumegombana na meli za kukokota nyavu za kamba kwa miaka na miaka, na hesabu imekuwa ikija nyuma ya nyavu. Nchi zisizopendana zimeweza kuafikiana juu ya bahari isiyo ya mtu. Mimi hilo halinipi raha nikilifikiria.

Haikuwa safari ya starehe hata kwa mabingwa. Februari 2020, Polarstern ikiwa kilomita 156 tu kutoka kwenye ncha, meli ya Kirusi ya kuvunja barafu Kapitan Dranitsyn ilikwenda kuwapelekea chakula na watu wa kupokeza. Ilipigana na barafu wiki kadhaa, ikala mafuta mengi hivi kwamba ilibidi meli ya tatu iondoke bandarini kuipelekea mafuta ya kurudia. Kisha ikaja korona. Ndege zilizokuwa zibadilishe watu zikazuiwa, Svalbard ikafungwa, na waliokuwa juu ya barafu wakakaa huko miezi 2 zaidi ya walivyoagana na watu wao. Mwisho wake Wajerumani walitoa meli nyingine 2 za utafiti, Sonne na Maria S. Merian, ambazo haziwezi barafu, zikawaweka wapokezi karantini, zikaenda hadi ghuba ya Svalbard, na Polarstern ikaliacha pande lake Mei kwenda kukutana nazo. Aliyewahi kukwama nje ya bandari mkataba umeisha na mpokezi hajaja anajua moyo unavyokuwa.

Waliporudi Juni, pande lilikuwa bado lipo, limejaa madimbwi ya maji ya buluu juu yake. Madimbwi hayo si mapambo. Theluji nyeupe hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, robo tatu na zaidi. Maji ya bahari yaliyo wazi hurudisha chini ya sehemu moja ya kumi na kuimeza iliyobaki. Ukivaa kanzu nyeupe jua la saa sita unastahimili, ukivaa nguo nyeusi unaungua. Aktiki inavua kanzu yake. Kila eneo la barafu linaloondoka linaacha maji meusi yanayomeza joto, joto hilo linayeyusha barafu ya jirani, na mambo yanakwenda hivyo hivyo. Ndiyo moja ya sababu kule kunapata joto kwa kasi kuliko wastani wa dunia. Setilaiti zimekuwa zikipima tangu 1979, na Septemba 2012 ndiyo iliyokuwa na barafu kidogo kuliko zote, kama kilomita za mraba milioni 3.4. Septemba 2020, wakati Polarstern iko huko huko, ilikuwa ya pili.

Pande lao lilipasuka vipande vipande siku za mwisho za Julai 2020, karibu na ukingo wa barafu baina ya Greenland na Svalbard, vyombo vikiwa vimekwisha kuondolewa. Lilikuwa limewachukua kwa njia ya kupinda na kukunja zaidi ya kilomita 3,000. Meli haikurudi nyumbani. Iligeuza omo kaskazini kutafuta pande jingine, ili waone barafu inavyoanza kuganda upya, na katika njia hiyo ikafika ncha yenyewe tarehe 19 Agosti. Njia waliyopita, kaskazini ya Greenland, ni ile ambayo meli huiepuka kwa kuwa barafu yake huwa nene na kongwe. Safari hii ilichukua siku 6. Walikuta maji wazi sehemu kubwa, na barafu iliyojaa matundu. Tarehe 12 Oktoba 2020 wakaingia Bremerhaven.

Sasa kijana wangu na boksi lake. Barafu ya bahari ya kaskazini inaelea, kwa hivyo ikiyeyuka kiwango cha bahari hakipandi, isipokuwa kwa kiasi kidogo mno kisichofaa kuhesabiwa hapa. Una haki. Lakini iko barafu nyingine ambayo haiko ndani ya boksi, iko juu ya nchi kavu, Greenland na bara la kusini, na kwenye milima. Hiyo ikiyeyuka ni sawa na wewe kutoa barafu mpya kwenye friza na kuitumbukiza kwenye boksi lililokwisha kujaa. Hapo maji yatamwagika. Barafu ya Greenland peke yake, kama ingeyeyuka yote, jambo ambalo lingechukua karne nyingi, ingeinua bahari kwa kama mita 7. Jambo la pili ni kwamba maji yakipata joto hutanuka, na bahari imepata joto. Kwa sababu hizo, bahari za dunia kwa wastani zimepanda kama sentimita 20 tangu mwaka 1900. Sentimita 20 unaweza kuona ni kidogo, mpaka siku ya bamvua kubwa ya kusi.

Na lipo jambo la ajabu zaidi, ambalo nililisoma mara 3 kabla sijaliamini. Barafu ya Greenland ni nzito hata inavuta bahari upande wake, kama dunia inavyovutwa na mwezi tukapata maji kujaa na kupwa. Ikipungua, mvuto unapungua, na maji yaliyokuwa yamejikusanya karibu yake yanaachiliwa kwenda mbali. Kwa hivyo karibu na Greenland bahari inaweza kushuka, na sehemu za mbali, zikiwamo za joto kama zetu, zikapata zaidi ya wastani. Wanaoishi penye barafu na wanaopata maji si watu wale wale.

Hii haina maana kwamba kila ukuta unaoliwa na bahari hapa umeliwa na Greenland. Tumekata mikoko, tumezoa mchanga wa ufuoni, tumejenga kuta mahali ambapo wimbi likigonga linarudi na kuchimba kwa jirani. Ufuo wa kijijini kwetu, mahali nilipojifunza kuogelea, mnazi wa mwisho ulianguka nikiwa hai, na sababu 2 kati ya hizo nimeshuhudia zikitendwa na watu ninaowajua. Bahari inayopanda hukuta kazi imekwisha kuanzwa.

Vipimo vyote vya MOSAiC viliahidiwa kuwekwa wazi kwa watu wote kuanzia Januari 2023, na ndivyo vinavyotumika sasa kurekebisha makisio ya tabia ya nchi. Hapa Mombasa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi inayo meli yake, Mtafiti, tuliyopewa na Wabelgiji, ndogo kwa Polarstern, na inayo kazi ya kutosha katika bahari yetu bila kwenda kwenye barafu. Kijana wa samaki nilimweleza haya yote kwa mchana mzima. Alinisikiliza, akafungua boksi lake, akatazama maji yalipofika, kisha akaniuliza friza la Greenland limebakiwa na kiasi gani na ni nani anayelipima. Nikamwambia linapimwa kwa setilaiti na kwa watu wanaokwenda kutoboa barafu yake, na kwamba wiki ijayo, inshallah, nitamwandikia hilo pia.